Majina Matatu na Kura za Seneta

Mwaka wa tisini na nane nilijua habari za kura za jimbo moja la Marekani kuliko za wilaya niliyozaliwa. Nilijua seneta wao anaongoza au anafuata, mpinzani wake katokea upande gani wa jimbo, wakulima wanasemaje na watu wa mjini wamenunia nini. Jimbo lenyewe nisingeweza kulionyesha kwenye ramani. Nilikuwa Durban, nafanya kazi katika duka la fotokopi na faksi, na Marekani sikuwa na ndugu hata wa kusingizia.

Aliyeniingiza katika mambo hayo ni jirani yangu, mwanamke wa Burundi. Tulikaa fleti moja pale Berea, ghorofa ya tatu: vyumba vitatu, kila kimoja na mpangaji wake, jiko moja, bafu moja. Mimi, Mtanzania wa Morogoro, nilikuwa chumba cha mbele. Yeye na binti yake wa miaka mitano walikuwa chumba cha nyuma. Cha katikati walikaa Watanzania wenzangu wawili waliouza mikanda na miwani ya jua, watu wema lakini wachafu wa vyombo. Jirani yangu alikuwa akipanda teksi kila asubuhi kwenda Morningside kumfanyia kazi za ndani bibi mmoja mjane, na jioni akirudi anasuka watu nywele jikoni.

Mumewe ndiye aliyekuwa Marekani. Walipotezana wakati wa kukimbia vita kwao. Mume aliangukia kambi ya wakimbizi, na kutoka kambini akachukuliwa kupelekwa Marekani. Mke aliteremka kusini nchi kwa nchi, mtoto mgongoni, mpaka akafika Durban. Barua za kanisa ndizo zilizowakutanisha tena. Wakati huo mume alikuwa ameshapata kazi kwenye kiwanda cha kukata kuku, na akawa ameomba mkewe na mtoto wamfuate. Mtoto alimjua baba yake kwa sauti ya simu tu. Akimwona mwanamume yeyote ameshika simu, alikuwa anamwuliza kama ni yeye.

Maombi yale yalikwama kwenye majina. Kwa Warundi, mke hachukui jina la mumewe, wala mtoto habebi jina la baba yake. Kila mtu anazaliwa anapewa lake, basi. Kwa hiyo kwenye karatasi palikuwa na mume mwenye jina lake, mke mwenye jina lake na mtoto mwenye jina lake, na hakuna mawili yaliyofanana hata kwa herufi ya mwanzo. Wa ofisi ya viza walitazama wakaona watu watatu wasiojuana. Cheti cha ndoa kiliungua pamoja na kanisa lililokitoa. Wakapewa muda hadi mwisho wa Novemba: mume alete hati ya kiapo inayoeleza ndoa, mtoto na desturi ya majina, la sivyo jalada linafungwa. Kufungua jingine, kwa mwendo niliouona wa lile la kwanza, kungemkuta mtoto anajifunga sidiria.

Ndipo seneta alipoingia. Mchungaji wa kule alimwambia mume kwamba kila seneta ana ofisi ya kusaidia watu wa jimbo lake waliokwama na karatasi za serikali, hata wasiopiga kura. Mume akaenda mara moja, akapokelewa na mama mmoja ambaye sikumwona maishani lakini namkumbuka kuliko wengi niliowaona. Mama huyo aliahidi kuiandaa hati bure. Ofisini mlikuwa na mtu mwenye muhuri wa kuapisha, na juu ya hati seneta angeweka barua yake mwenyewe. Kilichotakiwa ni mume aje tena siku moja, aape, aweke sahihi. Kwa kuwa Kiingereza cha mume kilikuwa cha kiwandani, cha lete na toa, alimwachia yule mama namba ya faksi ya duka letu. Alimwambia kwa mke wake kuna dada anayejua kuandika.

Dada mwenyewe ni mimi, na kichwa kilivimba. Pale dukani kazi yangu rasmi ilikuwa kutoa nakala na kutuma faksi, lakini Waswahili wote wa mitaa ile, Wakongo, Warundi, Wakenya na wa kwetu, walinijia niwaandikie barua. Mtu anakaa, anaanza salamu: shikamoo, na mama hajambo, na shangazi, na mvua zimenyesha? Ukurasa unakwisha hajasema shida. Mimi nilikuwa nakata. Nilijipa madaraka hayo bila kuombwa, nikawa namwambia mteja Wazungu hawataki maneno mengi. Mwenye duka, Mhindi wa Durban ambaye wote tulimwita Anko, alikuwa akicheka kwamba mimi ndiye bunge na yeye ni mlinzi wa mlangoni.

Faksi ya kwanza ya yule mama ilikuja Septemba. Nilimsomea jirani yangu jikoni, anamenya ndizi. Nilitegemea apige vigelegele. Aliuliza jambo moja tu.

"Huyo seneta, kura yake ni lini?"

Nikamwambia mwanzoni mwa Novemba, anagombea tena, na kuna mtu anamfuata kwa karibu. Akasema sawa, akaendelea kumenya. Nilidhani amechoka na kazi.

Katikati ya Oktoba ikaja faksi ya pili. Yule mama aliandika kwa adabu, lakini niliona ameanza kuchoka. Amempangia mume siku tatu tofauti na zote tatu hakutokea. Tafadhali mkumbusheni, muda unakwenda. Nilisikia moto umenipanda kichwani. Mawazo yangu, nakiri, yalikwenda pale ambapo mawazo ya mwanamke wa Kitanzania huenda kwanza: shemeji kapata mwingine huko. Nilimsikitikia jirani yangu siku nne nzima bila kumwambia, nikawa mpaka naosha vyombo vyake.

Jumapili ndiyo siku ambayo mume alikuwa akipiga simu. Palikuwa na simu ya ukutani kwenye korido ya chini, na baada ya ibada jirani yangu na binti yake walikuwa wakikaa kwenye ngazi kuingojea. Jumapili hiyo nilishuka nao. Walipomaliza kusalimiana nikampokonya mkono wa simu.

"Shemeji, kuna nini? Mbona huendi ofisini kwa watu?"

Akasema taratibu, "Dada, ni mama wa mtoto amenikataza."

Niligeuka. Jirani yangu alikuwa ameinama anamfunga binti yake kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vimeshafungwa.

Tuligombana pale pale kwenye ngazi, watu wanapita na mifuko yao. Nilimwuliza kama ana akili timamu. Akasema kura kwanza zipite.

"Zipite ziende wapi? Tarehe ya jalada haingoji kura!"

"Dada, wewe huelewi. Papa wa mtoto alinieleza. Kule, mbele ya kila nyumba, watu wanasimika kibao iko na jina ya mtu wao. Kwenye majani ya nyumba yao wenyewe! Jirani wa huku iko na kibao ya seneta, jirani wa huku iko na kibao ya yule mwingine. Wanajiandika wenyewe. Siku mtu akitaka kujua aanzie nyumba gani, atahitaji kuuliza nani?"

Nilicheka. Sipendi kulikumbuka lakini nilicheka, tena kwa sauti. Nikamwambia mumewe ndiye huyo huyo aliyetusimulia kwamba majirani wale wa kulia na kushoto wanaazimana mashine ya kukatia majani.

"Na sisi tuliazimana chumvi," akasema.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimeshapanda, na mimi nikipanda sishuki upesi. Nikamwuliza mumewe anahusika nini, hapigi kura, hana kibao, anakwenda kuweka sahihi tu. Akaniambia mtu akionekana anaingia kwenye bureau ya mwanasiasa siku za karibu na kura, ameisha kuhesabiwa.

"Akishindwa huyo seneta, labda. Je, akishinda?"

"Akishinda, akishindwa, ni hatari ile ile."

"Sasa akishinda kuna hatari gani? Hebu nieleze!"

Alisema tu, "Baba yangu walikuja kumtoa nyumbani nyuma ya kura. Miezi michache tu. Alikuwa na nguo za kulalia." Alisema kama mtu anayetaja namba ya nyumba. Nikajijazia mwenyewe yaliyobaki: mzee alikuwa upande ulioshindwa, walioshinda wakalipiza. Niliona nimeelewa. Na kwa kuwa niliona nimeelewa, nikamwambia neno ambalo ningelipa nilirudishe: "Marekani siyo kwenu."

Akamshika mtoto mkono wakapanda juu.

Hatukusemeshana kwa siku kadhaa. Katika fleti yenye jiko moja, kutosemeshana ni kazi ngumu. Alikuwa akikuta sufuria yangu mekoni anaitoa kwa heshima zote, anaifuta, anaiweka mezani, anabandika yake. Ningependelea anitukane.

Yule mama wa ofisini nilimjibu kwa uongo. Niliandika kwamba mume anaumwa mgongo kwa sababu ya kazi ya kiwandani, atakuja akipata nafuu. Ulikuwa uongo mzuri, wa kuaminika. Akajibu siku hiyo hiyo kwamba anampa pole na jalada ataliweka juu ya meza yake asilisahau. Baadaye nilisikia alimtumia na kadi ya pole kwa posta, yenye picha ya maua, na shemeji akawaonyesha wenzake wote kiwandani akiuliza nani amefiwa.

Kumshawishi jirani yangu nilishindwa, basi nikahamia kwenye kura. Anko alikuwa ameweka intaneti dukani kwa ajili ya matokeo ya kriketi. Saa za chakula aliniachia kompyuta, nami nilikuwa nikifungua gazeti la jimbo lile. Picha zilikuwa zikishuka polepole, kama pazia linaloteremshwa: kwanza nywele nyeupe za seneta, halafu paji la uso, miwani, na kabla hujafika mdomoni mteja anagonga kaunta. Alikuwa mzee wa watu, amekaa kwenye kiti kile vipindi kadhaa, na gazeti lilisema watu wamemchoka. Mpinzani wake alikuwa kijana zaidi, ana meno mazuri. Nilimchukia. Hakunikosea chochote, sera zake sikuzielewa, lakini nilimchukia kama aliyemwaga maji yangu.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Seneta akishinda, ofisi inabaki, yule mama anabaki, na kura zikipita jirani yangu atamruhusu mumewe aende. Akianguka, kila kitu kimeanguka. Wateja walianza kuniuliza habari za seneta wangu. Mwuza simu mmoja wa Kikongo alikuwa akipita mlangoni anapaza sauti, "Dada, mzee iko namna gani leo?" Nami namjibu anaongoza kidogo, au amerudi nyuma kidogo, na yeye anasema eish, anaendelea na safari yake.

Siku ya kura ilikuwa Jumanne. Nilirudi nyumbani jioni nikawakuta Watanzania wawili wamesimama kwenye korido na mataulo begani. Bafu lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni. Ndoo zote zilijaa. Sufuria zote zilijaa, na ya kwangu ikiwemo. Chini ya kitanda cha jirani yangu niliona mfuko mkubwa wa unga, mishumaa na chumvi.

"Nani kasema maji yanakatika?" mmoja akauliza. "Mbona sisi hatujasikia?"

Niliwaambia ni uchaguzi wa Marekani. Wakacheka mpaka wakashika ukuta. Safari hii mimi sikucheka. Jirani yangu alitoka chumbani, akawaangalia wote wawili, kisha akaniangalia mimi, mara ya kwanza tangu ugomvi.

"Najua iko mbali," akasema. "Lakini nisipojaza, sitalala."

Nikawaambia wale wawili wakaoge ufukweni, kwenye mabomba ya waogeleaji. Walinuna, wakaenda.

Jumatano asubuhi nilifika dukani kabla ya Anko. Kule kwao bado ulikuwa usiku, lakini kura zilikuwa zimehesabiwa. Ukurasa ulifunguka, picha ikaanza kushuka, na safari hii nywele zilikuwa nyeusi. Seneta wangu alikuwa ameshindwa, kwa kidogo tu.

Nilikasirika. Anko alinikuta nimekaa, akaniletea chai bila kuuliza. Nilikuwa namwona mtoto wa jirani yangu, na zile wiki chache zilizobaki. Kwetu nilishaona mbunge akianguka. Asubuhi yake ofisi haina ufunguo, viti vimebebwa, karani hapatikani, na wote waliokuwa na shida zao mle ndani wanakimbilia kwa bwana mpya kuapa kwamba yule wa zamani hawakumpenda tangu mwanzo. Sikuona sababu Marekani iwe tofauti. Mimi niliyemwambia mwenzangu Marekani siyo kwenu, nilikuwa naifikiria kama Morogoro.

Basi nilichofanya ni hiki. Nilichukua karatasi safi nikaanza kumwandikia mshindi. Nilimpongeza. Nilimwambia kuna familia moja Durban iliyomwombea ushindi usiku na mchana. Nilisifu mpaka tabasamu lake. Nilikuwa nimefika kwenye majina matatu Anko alipochungulia begani kwangu, akaniuliza huyu si ndiye yule niliyesema ana meno ya mwizi? Nikaikunja barua nikaitia kwenye droo ya meza.

Mchana niliomba ruhusa nikapanda nyumbani. Jirani yangu hakwenda Morningside siku hiyo. Alikuwa kwenye ngazi karibu na simu, mtoto amemlalia mapajani, na alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Mumewe alikuwa ameahidi kupiga kabla ya kuingia zamu.

"Ameshindwa," nikamwambia.

Alitikisa kichwa tu, akasogea nikae. Tukangoja. Simu ilipolia aliiacha ilie mara mbili kabla ya kuinuka. Niliweka sikio langu karibu na lake.

"Uko ndani?" akauliza.

"Niko kiwandani, kwenye simu ya mlangoni. Naingia kazini."

"Umepita barabarani? Barabara iko namna gani?"

"Iko na watu wanaenda kazi."

"Na vibao?"

"Jirani wa huku alikuwa anang'oa ya kwake asubuhi hii."

"Anaificha?"

"Hapana. Amesema ilikuwa inamzuia kukata majani."

Nilimwona anafunga macho. "Na yule aliyeshindwa, amekimbilia wapi?"

"Hakukimbia. Aliongea kwenye televisheni. Amesema amempigia mwenzake simu, amempongeza."

"Wanajeshi walisimama nyuma yake?"

"Wanajeshi gani? Mke wake ndiye alisimama nyuma yake."

Tulisikia mashine za kiwandani zinanguruma huko, na mtu anamwita shemeji. Nilitaka kumnyang'anya simu niseme kwamba tumechelewa, ofisi imeshafungwa, lakini safari hii nilijizuia. Jirani yangu alivuta pumzi.

"Nenda kaweke sahihi," akasema.

Alikwenda Alhamisi, bila ahadi, na nguo za kiwandani. Alidhani, kama nilivyodhani, kwamba atakuta mlango umefungwa. Ulikuwa wazi. Nusu ya rafu zilikuwa tupu na maboksi yamepangwa sakafuni. Yule mama alikuwepo, macho mekundu, maana seneta akiondoka na yeye kazi yake imekwisha. Hilo mimi sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Kitu cha kwanza alichomwuliza shemeji ni mgongo unaendeleaje. "Mgongo gani?" shemeji akasema. Halafu, kwa sababu ni mtu wa adabu, akasema unaendelea vizuri.

Yule mama alimwambia seneta ni seneta mpaka Januari, na kazi zilizo mezani zinamalizwa. Jalada lilikuwa juu ya meza pale pale alipoandika kwamba ataliweka. Shemeji akaapishwa: huyu ni mke wangu, huyu ni mtoto wangu, majina ni matatu kwa sababu kwetu kila mtu ana lake.

Faksi ilitufikia Ijumaa. Kurasa nne. Tatu za kwanza zilikuwa hati, ya nne barua ya seneta kwenda ofisi ya viza, fupi, imenyooka, haina salamu hata moja. Nisingekata neno. Chini palikuwa na sahihi, na juu tarehe ya Alhamisi, siku mbili baada ya watu wake kumkataa. Niliitazama tarehe ile muda mrefu. Jirani yangu hakuwa na kura, mumewe hakuwa na kura, na hata wangekuwa nazo hazingemfaa tena. Niliitoa barua yangu ya pongezi kwenye droo ya meza nikaichana vipande vidogo, na niliona haya ingawa hakuna aliyenitazama.

Hati ilifika ofisi ya viza kabla ya Novemba kwisha. Viza ilitoka mwisho wa Januari.

Asubuhi ya safari nilikuwa chumbani kwake tunafunga mabegi. Basi la Johannesburg lilikuwa linaondoka saa nne, na mtoto alishavaa koti tangu alfajiri, katika joto lile la Durban, akakataa kulivua. Mume alikuwa ametuma bahasha ya mwisho yenye maelekezo ya uwanja wa ndege, na ndani yake alikata picha kutoka kwenye gazeti. Alijua nitaitaka mimi. Ilikuwa picha ya seneta siku anaondoka ofisini. Mzee alikuwa amebeba boksi mwenyewe, anaelekea kwenye gari, na mkewe amemshikia mlango.

Jirani yangu aliichukua kabla yangu. Akaniomba nimsomee maneno ya chini.

"Anasema anarudi nyumbani kwake. Atapanda nyanya, atakaa na wajukuu."

"Nani anamlinda?"

"Simwoni mtu. Mkewe."

"Na nyumba yake iko?"

"Ipo. Nani aiguse?"

Aliketi juu ya begi. Alipitisha kidole kwenye picha, taratibu, kwenye boksi, kwenye mkono wa yule mke. Akasema baba yake alikuwa na umri huo huo, na nywele zilianza kuwa nyeupe hivyo hivyo. Nilikaa naye chini. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimemwandikia, nimemsomea, nimemgombeza, na jambo lile sikuwahi kumwuliza. Nililiuliza sasa, kwa sauti ya chini, nikidhani jibu nalijua.

"Na yeye aligombea? Alishindwa?"

Aliinua uso akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyedhani nilikuwa najua siku zote.

"Hapana, dada," akasema. "Baba yangu alishinda. Tulicheza siku mbili nzima."